'Mpito' unatupotosha kuhusu molekuli

Neno 'mpito' tumelizoea kutokana na 'serikali ya mpito', nalo hudokeza kipindi kirefu. Tukilitumia molekuli zinapohama kutoka hali moja tulivu hadi nyingine, tunampotosha msomaji. Mtu akikaa Kitale mwaka mzima kisha apande matatu hadi Bungoma, safari ni ya saa chache tu. Kirefu ni kule kukaa.

Ndivyo zilivyo molekuli. Katika kiwanda cha sukari kama kile cha Nzoia, Bungoma, shira iliyokolea kupita kiasi yaweza kubaki majimaji hadi itiwe chembe za sukari. Fuwele ya kwanza kuzuka yenyewe ni jambo la nadra. Kompyuta inayoiga hali kama hiyo husonga kwa hatua za femtosekunde, yaani hatua trilioni moja kwa kila milisekunde, na karibu zote ni za kungoja! Kumbe ndiyo sababu mwaka 1998 David Chandler na wenzake walieleza mbinu ya kukusanya safari zenyewe bila kupoteza muda kwa kungoja.

Basi tuseme 'uvukaji nadra'. 'Uvukaji' hutaja tendo fupi, 'nadra' hudokeza kungoja. Istilahi isiyotenganisha haya mawili, jamani, itamfundisha nini mwanafunzi?