Akiba ya Kasi: Mkimbiaji Mkongwe Astaafu Lini?

Mwaka 1990 Gidamis Shahanga, mwana wa Hanang, alishinda marathoni ya Vienna kwa saa 2:09:28. Alikuwa na miaka 32. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu atwae dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, kwa saa 2:15:39. Kwa hiyo yule kijana wa miaka 20 aliyeushangaza ulimwengu Edmonton alikuwa nyuma ya mkongwe wa Vienna kwa zaidi ya dakika sita. Hesabu hiyo ningependa iwekwe mezani kila tunapojadili nyota fulani astaafu lini, maana mijadala yetu huanza na umri na kuishia hapohapo.

Siri ya Vienna iko katikati ya miaka hiyo. Mtu aliyeshinda marathoni akiwa na miaka 20 angeweza kung'ang'ania barabara mpaka zimchoshe. Shahanga alishuka uwanjani. Alisoma na kukimbia katika chuo kikuu cha El Paso, Texas, walikopita pia Watanzania wenzake Suleiman Nyambui na Zakaria Barie, na huko akajenga mbio fupi kuliko zile zilizompa jina. Mwaka 1982, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane, akachukua dhahabu ya mita 10,000 kwa 28:10.15, Barie akiwa nyuma yake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha kule Helsinki, alimaliza wa tano kwa 28:01.93. Alberto Cova wa Italia aliyeshinda alikuwa na 28:01.04. Watu watano waliingia ndani ya sekunde moja, na mmoja wao ni wa kwetu.

Sasa tuzigawe namba hizo. Mita 10,000 za Brisbane ni kama dakika 2:49 kwa kila kilomita. Marathoni ya Vienna ni kama 3:04. Kati ya kasi aliyowahi kuimudu uwanjani na ile aliyoitumia barabarani kuna sekunde 15 kwa kila kilomita. Hiyo naiita akiba ya kasi, na ndiyo inayomwezesha mkimbiaji kuzeeka bila kuporomoka. Mwenye 2:49 miguuni anapokimbia 3:04, pumzi yake imetulia, hatua haijabanwa, na kundi likifyatuka anaweza kulifuata bila kuunguza kila kitu. Umri unapoanza kumla, hula kwanza ile kasi ya juu. Kiwango cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia hushuka polepole, na misuli huchelewa kupona baada ya mazoezi makali. Ustadi wa kukimbia kwa nguvu kidogo hudumu zaidi. Ndiyo maana mkongwe anaweza kushusha muda wake wa marathoni huku kasi yake ya uwanjani ikipungua. Filbert Bayi naye alihama mbio kabla hajahamishwa: aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 ndiye aliyechukua fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Ila akiba ikiisha, imeisha. Chukua mkimbiaji ambaye kilomita 10 zake zimefika dakika 30, yaani 3:00 kwa kilomita. Huyo akitaka kukimbia marathoni kwa 3:04, yuko ukutani tangu kilomita ya kwanza. Anaweza kupata siku moja nzuri. Hawezi kupata msimu.

Namkumbuka hapa Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa, ambaye namheshimu kuliko wakimbiaji wengi walioshinda zaidi yake. Kwenye marathoni ya Fukuoka mwaka 1983 Toshihiko Seko wa Japani alimpita mwishoni kwa sekunde tatu. Boston mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja tu. Ikangaa alijua fyatuko la mwisho si lake, hivyo aliongoza mbele na kuwachosha wenye kasi kabla hawajaitumia, na New York mwaka 1989 mbinu hiyo ilimpa ushindi kwa 2:08:01. Miaka mitatu baadaye, kwenye Olimpiki ya Barcelona, alimaliza wa 34. Joto la siku ile lilichangia, lakini kwa maoni yangu jibu kubwa liko kwenye namna yake ya kukimbia. Anayeishi karibu na ukomo wa kasi yake, umri ukimchukulia hata sekunde tatu kwa kilomita, hana pa kuzitoa.

Siku moja mbaya isitudanganye. Shahanga huyohuyo alishinda Rotterdam mwaka 1984 kwa 2:11:12, na mwaka uleule akawa wa 22 kwenye Olimpiki ya Los Angeles. Alikuwa na miaka 26, na mtu asingesema amezeeka. John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana duniani kote kwa kumaliza wa mwisho kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, kwa saa 3:25:27. Wachache wanakumbuka kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwa 2:15:05. Angesikiliza waliomhurumia Mexico, mbio zile zisingekuwepo.

Eliud Kipchoge wa Kenya anatuonyesha upande wa pili. Boston mwaka 2023, Mtanzania wetu Gabriel Geay alikuwa miongoni mwa waliosukuma kasi karibu na vilima vya Newton, na Kipchoge akaachwa. Geay akamaliza wa pili, Kipchoge wa sita. Miezi mitano baadaye Kipchoge alishinda Berlin kwa 2:02:42, hivyo Boston peke yake haikutosha kumhukumu. Tokyo mwaka 2024 akawa wa kumi, na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka huohuo akasimama njiani. Matokeo yakianza kupangana hivyo, mwili umeshatoa jibu. Tom Brady aliweza kurusha mpira wa Kimarekani mpaka miaka 45 kwa sababu mbele yake walikuwepo wanaume wakubwa ambao kazi yao ilikuwa kumlinda. Mkimbiaji akiachwa mita kumi, hakuna wa kumkinga.

Kuna jambo hesabu hailigusi, nalo linaniuma. Ikangaa alikuwa mwanajeshi, na Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, ni mwanajeshi pia. Mwenye mshahara wa jeshi anaweza kuchagua siku ya kuondoka. Kijana aliyetoka Balangdalalu, kule Hanang, na kuitegemea zawadi ya kila mbio kwa ada za shule na mifugo ya nyumbani hana uchaguzi huo, na ataendelea kukimbia akiwa ameshachoka. Kumwambia astaafu kwa heshima bila kumwambia atakula nini ni kumwonea.

Kipimo cha akiba ya kasi hakihitaji maabara. Asiye na uwanja wa tartani karibu anaweza kupima kilomita 10 kwa pikipiki kwenye barabara ileile, kiangazi, asubuhi, mara mbili kwa mwaka. Kwa kuwa Hanang iko juu, muda huo usilinganishwe na wa Valencia wala wa Berlin. Ulinganishwe na wa mwenyewe wa mwaka jana. Tofauti kati ya kilomita ya mbio hizo na kilomita ya marathoni anayoilenga kwenye mwinuko uleule ikishuka chini ya sekunde nane kwa misimu miwili mfululizo, mimi ningemwambia apange mbio za mwisho akiwa bado anajichagulia.

Simbu alimaliza wa 17 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na wangeweza kutokea wa kumwambia astaafu. Mwezi Septemba 2025, Tokyo, akiwa na miaka 33, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari na kuwa bingwa wa dunia, wote wawili wakiandikiwa 2:09:48, picha ikiwatenganisha kwa sekunde 0.03. Mtu anayeweza kufyatuka hivyo baada ya kilomita 42 bado ana akiba. Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 itamkuta na miaka 36. Ningependa makocha wake wampeleke uwanjani au kwenye mbio za barabarani za kilomita 10 angalau mara moja kila mwaka kabla ya hapo, hata kama hazilipi, ili uamuzi wa kwenda au kutokwenda utoke kwenye saa.