Jedwali la Visanduku Vitupu

Novemba 2003, mchambuzi wa programu aitwaye Astrée, aliyeundwa katika École normale supérieure jijini Paris, alipitia mistari 132,000 ya lugha ya C inayoongoza urukaji wa ndege ya Airbus A340. Akathibitisha kwamba hakuna mahali ambapo programu hiyo ingegawanya kwa sifuri, kufurisha namba au kusoma nje ya safu. Kazi ilichukua saa 1 na dakika 20 kwa kumbukumbu ya megabaiti 300. Sifa za ushindi huo kwa kawaida huenda kwa nadharia ya kukadiria mwenendo wa programu bila kuiendesha, ambayo Patrick na Radhia Cousot waliitoa mwaka 1977, na wanazistahili. Hata hivyo, nadharia peke yake isingemaliza kazi ile kwa saa moja na ushei. Kilichoifikisha huko ni jambo linaloonekana dogo: namna ya kuhifadhi yale ambayo mchambuzi anayajua, na hasa namna ya kutohifadhi asiyoyajua.

Mchambuzi wa aina hii haiendeshi programu. Hubeba makadirio ya thamani zote zinazowezekana. Kadirio jepesi kuliko yote ni kukipa kila kigeu kikomo cha chini na cha juu. Ni rahisi, ila halioni uhusiano. Chukua kaunta i inayoanzia sifuri na kupanda moja moja maadamu ni ndogo kuliko u, yaani urefu wa safu ambao haujulikani mapema. Vikomo vitasema i si chini ya sifuri, basi. Kengele italia kwamba i huenda ikapita mwisho wa safu, ilhali yeyote anayeusoma msimbo anaona haiwezekani. Mwaka 1978 Patrick Cousot na Nicolas Halbwachs walileta poliheda, zinazobeba uhusiano wowote wa mstari kati ya vigeu vyovyote, lakini gharama yake huweza kulipuka vigeu vikiongezeka. Mwaka 2001 Antoine Miné akapita katikati: vigeu viwili tu kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa na alama ya kujumlisha au kutoa, chini ya kikomo fulani. Kwenye karatasi umbo lake halizidi pembe nane, ndiyo maana likaitwa pembenane. Kwake, i − u ≤ −1 ni kauli halali, na kengele inanyamaza.

Kauli hizo hukaa katika jedwali ambamo kila kigeu kina mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, mmoja wake na mmoja wa hasi yake. Vigeu 100 vinadai visanduku 40,000. Kwa kuwa i − u ni sawa na (−u) − (−i), kila habari imeandikwa mara mbili, hivyo karibu nusu hutupwa na kubaki 20,200. Ila ghali si nafasi. Ghali ni kulikamilisha jedwali, kutafuta kila kauli inayotokana na nyingine, kama mtu anayetafuta njia fupi kati ya kila jozi ya miji: takribani hatua milioni 8 kwa vigeu hivyo 100, tena na tena. Wako watakaosema tununue kompyuta yenye kasi zaidi. Lakini vigeu vikiongezeka maradufu kazi huongezeka mara nane, na hakuna duka linalouza kasi ya namna hiyo kila mwaka. Kinachookoa ni kwamba visanduku vingi ni vitupu, kwa sababu katika programu halisi vigeu vinavyokutana ni vichache. Astrée aliviweka katika vifurushi vidogo. Vigawe vile 100 katika mafungu 25 ya vinne vinne: visanduku 1,000, hatua 12,800. Hatua zimepungua mara 625.

Pingamizi la haki ni kwamba mafungu yaliyopangwa kabla huweza kuvitenganisha vigeu vilivyohitaji kuwa pamoja. Mwaka 2015 Gagandeep Singh, Markus Püschel na Martin Vechev wa ETH Zurich walilijibu kwa kuyaunda mafungu uchambuzi ukiendelea na kuyaunganisha pale tu amri inapovihusisha vigeu vyake. Hakuna usahihi unaopotea, kwani kati ya mafungu hapakuwa na kitu. Miaka miwili baadaye walizipa poliheda mbinu hiyo hiyo. Pingamizi gumu zaidi limo ndani ya pembenane yenyewe. Tukijua x ≤ 3 na y ≤ 5, ukamilishaji huandika x + y ≤ 8, na ghafla kila vigeu viwili vyenye kikomo vimefungwa pamoja ingawa programu haikuvikutanisha kamwe. Jedwali linajaa habari isiyo mpya. Mwaka 2016 Jacques-Henri Jourdan alionyesha kwamba kisanduku hicho kinaweza kuachwa kitupu, kwa kuwa 8 hupatikana kutoka 3 na 5 wakati wowote, mradi shughuli nyingine zirekebishwe kulingana na hilo. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wenye akili kuliko wote, kwa sababu unatofautisha kujua jambo na kuliandika. Hata hivyo, zipo programu ambamo kila kigeu kinahusiana kweli na kila kingine. Hapo utupu umekwisha, na maktaba ya msimbo ya watafiti wale wa Zurich yenyewe, ikiona hivyo, hurudi kwenye jedwali zima na gharama yake yote.