Pengo Katika Rekodi: Jinsi Hukumu ya Wizi Inavyovunjwa Mahakama Kuu

Kesi nyingi za wizi kutoka Kariobangi, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, husikizwa katika Mahakama ya Makadara. Mshtakiwa akipatikana na hatia, sheria inampa siku 14 za kukata rufaa. Rufaa hiyo hupanda hadi Mahakama Kuu, na huko kwa kawaida hakuna shahidi anayeitwa tena. Jaji hamwoni mlalamikaji akisitasita anapoulizwa maswali, wala hamsikii mshtakiwa akijitetea upya. Mbele yake pana mafungu ya karatasi tu: mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, vielelezo na hukumu ya hakimu.

Hapo ndipo wafungwa wengi wanaojiandikia rufaa hukwama. Huandika kwamba wameonewa, kwamba wana watoto, kwamba hakimu alikataa kuwaamini. Maneno hayo yanaweza kusaidia adhabu ipunguzwe, lakini hayagusi hatia yenyewe. Swali la hatia ni kavu zaidi: je, kila kiungo cha kosa kilithibitishwa na ushahidi uliomo kwenye rekodi? Rufaa ya uhaba wa ushahidi hushinda pale mkata rufaa anapoweza kuutaja ukurasa ambao kiungo kilipaswa kuwapo na hakipo.

Nguvu ya njia hii inatokana na uamuzi wa mwaka 1972 katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba anayekata rufaa kwa mara ya kwanza ana haki ya kutarajia ushahidi wote uchunguzwe upya kwa kina, na mahakama ya rufaa ifikie uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Kwa hiyo Mahakama Kuu haiishii kuuliza kama hakimu alikosea sheria. Inaupima ushahidi tena, tangu shahidi wa kwanza hadi wa mwisho. Nafasi hiyo huja mara moja tu, kwa sababu kifungu cha 361 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaifungia rufaa ya pili ndani ya hoja za sheria pekee.

Uchambuzi huu utafuata kisa cha kubuni, ila cha aina inayojulikana vyema mtaani. Giza linaanza kuingia, na muuza nguo karibu na mzunguko wa barabara ya Outer Ring ameweka simu juu ya meza. Kijana anaikwapua na kutokomea. Miezi mitatu baadaye simu inapatikana kwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za Kariobangi Light Industries. Fundi anasema aliinunua kwa mteja. Hakimu anamtia hatiani na kumfunga mwaka mmoja.

Wakili mzoefu huanza kwa kuligawa kosa. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu ameiba akichukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa nia mbaya na bila dai la haki. Upande wa mashtaka basi ulipaswa kuthibitisha kwamba kitu kilikuwapo, kwamba kilikuwa cha mlalamikaji, kwamba kilichukuliwa, kwamba aliyekichukua ni huyu mshtakiwa na si mwingine, na kwamba alikusudia kumnyang'anya mwenyewe moja kwa moja. Viungo hivyo huandikwa safu moja. Safu ya pili hujazwa nambari ya shahidi na ukurasa. Panapobaki wazi ndipo sababu ya rufaa ilipo.

Katika kisa hiki, kiungo cha utambuzi kinatikisika mara moja. Muuza nguo alimwona mwizi kwa sekunde chache, na hakuwa na shahidi mwenzake. Tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953, mahakama za Afrika Mashariki zimeonya kwamba ushahidi wa utambuzi wa mtu mmoja, hasa mazingira yakiwa magumu, lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliingia kwenye mambo ya kuuliza: mwanga ulikuwa wa aina gani, ulikuwa na ukubwa gani, ulikuwa upande gani ukilinganisha na mshukiwa. Kama maswali hayo hayakuulizwa, uangalifu haukuwapo. Shahidi akisema tu kwamba mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaani, ilikuwa inawaka, bila rekodi kuonyesha ilikuwa umbali gani na iliuangaza uso wa nani, wakili ameshapata hoja. Ataangalia pia ripoti ya kwanza polisi. Je, mlalamikaji alitaja sura, urefu au mavazi ya mwizi? Je, gwaride la utambulisho liliandaliwa, au alimnyooshea kidole mtu aliyekwisha kusimamishwa kizimbani peke yake?

Utambuzi ukianguka, upande wa mashtaka huegemea nguzo ya pili, ambayo ni kanuni ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Inaruhusu mahakama kudhani kwamba aliyekutwa na mali hiyo ndiye mwizi, au aliipokea akijua imeibwa, asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Kanuni hii huwafunga wengi Eastlands, kwa sababu simu na vipuri hupita mikononi mwa watu kwa kasi na bila risiti.

Lakini ina masharti. Katika kesi ya Kahiga, rufaa ya jinai nambari 272 ya mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa iliyataja manne: mali ikutwe kwa mshukiwa, ithibitishwe kuwa ni ya mlalamikaji, ithibitishwe kwamba iliibwa kutoka kwake, na iwe imeibwa karibuni. Kuhusu muda, mahakama ilisema hutegemea jinsi kitu hicho kinavyoweza kuhama kwa urahisi kutoka mkono hadi mkono. Miezi mitatu inaweza kuwa karibuni kwa mtambo mzito wa kiwandani. Kwa simu ya mkononi, ni rahisi kusema kwamba imeshapita kwa watu kadhaa.

Sharti la umiliki nalo huangusha kesi nyingi. Simu ina nambari ya IMEI, na nambari hiyo inapaswa kulingana na ya kwenye boksi au risiti iliyoletwa mahakamani. Kwa vyuma chakavu kazi ni ngumu zaidi. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kati ya Januari na Mei 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, ila kipande cha waya wa shaba hubaki kipande cha waya wa shaba. Mlalamikaji akisema "huu ni wangu" bila alama, mhuri au rekodi ya ghala, umiliki haujathibitishwa.

Kisha wakili hufuatilia safari ya kielelezo. Shahidi huonyeshwa simu, nayo hupewa alama ya utambuzi tu. Baadaye afisa mpelelezi anapaswa kuitoa rasmi iwe kielelezo. Afisa asipofika, simu hubaki na ile alama ya awali hadi kesi inaisha. Mwaka 2015, katika kesi ya Kenneth Nyaga Mwige, Mahakama ya Rufaa ilisema hati iliyowekewa alama bila kutolewa rasmi si kielelezo, hivyo si sehemu ya ushahidi. Ilikuwa kesi ya madai, lakini mawakili wa jinai huitumia kila mara.

Kutofika kwa shahidi ni hoja inayohitaji kipimo. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi hakidai idadi maalum ya mashahidi. Hata hivyo, kesi ya Bukenya dhidi ya Uganda ya mwaka 1972 iliweka wajibu wa kuwaita mashahidi wanaohitajika kuonyesha ukweli, hata kama maneno yao yataudhuru upande wa mashtaka. Ushahidi uliotolewa ukiwa unatosha kwa shida tu, mahakama inaweza kuchukulia kwamba aliyeachwa angesema kinyume. Kama fundi alimtaja mteja aliyemuuzia simu na polisi hawakumtafuta kamwe, pengo hilo si la fundi.

Nje ya kisa hiki, mfanyakazi anaposhtakiwa kumwibia mwajiri, ushahidi mara nyingi ni wa kimazingira: bidhaa zimepungua na yeye alikuwa na ufunguo. Kesi ya Kipkering arap Koske ya mwaka 1949 inataka mambo yanayomlenga mshtakiwa yasiweze kabisa kulingana na kutokuwa na hatia. Sawe dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 2003, iliongeza kwamba tuhuma, hata ziwe nzito kiasi gani, hazitoshi kumtia mtu hatiani. Ikiwa watu wengine watatu walikuwa na ufunguo, upungufu wa ghala hauonyeshi aliyechukua.

Si kila kasoro huokoa. Mashahidi wakitofautiana kuhusu rangi ya shati au dakika chache, jaji husonga mbele, na kifungu cha 382 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huzuia hukumu kutenguliwa kwa makosa ya utaratibu ambayo hayakuleta dhuluma. Hata kiongozi wa mashtaka akikubali rufaa, kesi ya Odhiambo ya mwaka 2008 inasema mahakama bado lazima ijiridhishe yenyewe. Na aliyekiri kosa hawezi kupinga hatia kwa hoja ya ushahidi; kifungu cha 348 cha kanuni hiyohiyo humwachia hoja za kiwango na uhalali wa adhabu pekee.

Hoja ikifaulu, upande wa mashtaka huenda ukaomba kesi isikizwe upya. Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1966, inalijibu ombi hilo: kesi hairudiwi pale hatia ilipofutwa kwa uhaba wa ushahidi, wala hairudiwi ili mapengo yazibwe. Fundi anaachiliwa huru.

Kizuizi kinachobaki ni muda. Kifungo cha mwaka mmoja, msamaha wa theluthi moja ukiondolewa, ni miezi minane, na rekodi ikichelewa kupigwa chapa, ushindi utamkuta fundi ameshatoka. Ibara ya 50(5) ya Katiba inampa haki ya kupata nakala ya rekodi ndani ya muda unaofaa, na kifungu cha 349 cha Kanuni ya Mwenendo huruhusu rufaa ya baada ya siku 14 nakala ya hukumu ilipokosekana. Makadara ingewatendea haki wafungwa wa vifungo vifupi kwa kuwapa rekodi siku ileile ya hukumu. Hadi hilo litakapofanyika, wakili huwasilisha ombi la dhamana chini ya kifungu cha 357 cha kanuni hiyo pamoja na rufaa, akitegemea kesi ya Jivraj Shah ya mwaka 1986: hoja nzito ya sheria yenye dalili ya kufaulu, na kifungo ambacho sehemu yake kubwa itakuwa imeisha kabla rufaa haijasikizwa.