Heko kwa Wakaguzi wa Kerneli ya Linux

Mwaka 2022, kiendeshi cha PLIC, kidhibiti cha vikatizo (ishara za vifaa vinavyoomba kuhudumiwa) cha prosesa za RISC-V, kilipanuliwa ndani ya Linux ili kihudumie pia chipu ya Renesas RZ/Five. Ukiutazama upanuzi huo juujuu, utadhani ni suala la kuongeza jina jipya tu. Kumbe kidhibiti cha chipu hiyo kikipokea kikatizo cha ukingo, yaani kinachozuka ishara inapobadilika, hupuuza ukingo unaofuata mpaka kiarifiwe kuwa cha kwanza kimekamilika, wala hakihesabu vikatizo vinavyosubiri. Ishara ya pili ikija upesi, imepotea. Ikabidi taarifa ya kukamilika itangulie, kabla kazi yenyewe haijafanyika. Lakini kwa vikatizo vya ukingo pekee. Vile vya kiwango, vinavyodumu maadamu ishara ipo, ukivifanyia hivyo, vitarudi palepale, kwa kuwa kifaa bado kinaita.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia wakaguzi wanaopitia mabadiliko kama hayo kabla hayajapokelewa. Mtu anasoma msimbo wa chipu ambayo pengine hata hanayo mezani, anauliza: kufuli hili linashikwa wapi? Chipu za zamani zitaathirika? Wapo wanaowaona wasumbufu, na kweli baadhi yao hawana maneno matamu. Bora wao wasumbue leo kuliko mashine igande kesho bila kuacha hata ujumbe wa hitilafu.