Kuangusha Mti Bila Mtu Kusimama Shinani

Hatari kubwa ya kuangusha mti hutokea shinani, katika sekunde chache kati ya nyuzi za mwisho kukatika na gogo kutulia chini. Mkaratusi mbichi wenye shina la sentimita 50 na urefu wa mita 20 hukaribia tani 2, na mkataji mwenye chenso anausogelea kwa urefu wa mkono. Shina laweza kupasuka wima na kumrudia, tawi kavu laweza kuchomoka juu, au kitako cha gogo kikaruka kutoka kwenye kisiki. Mashine za rimoti zimebuniwa ili mtu huyo asiwepo pale. Hata hivyo hazifanani, kwa kuwa kila moja huondoa mikono ya mtu katika hatua fulani tu ya kazi na kumwachia hatua nyingine.

Ukataji wa kawaida una mikato miwili. Wa kwanza hufungua mdomo upande ambao mti utaangukia. Wa pili huingia kwa nyuma na kusimama kabla ya kuufikia mdomo, ili kubaki utepe wa mbao unaofanya kazi ya bawaba. Unene wake huwa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kwa mkaratusi uliotajwa, sentimita 5. Bawaba ndiyo inayouongoza mti unapolala. Mti ulionyooka, au uliolalia nyuma kidogo, hauanguki kwa mikato hiyo peke yake. Husukumwa kwa kabari zinazogongwa kwa nyundo, na kila pigo hutikisa shina hadi kileleni. Mti hai hustahimili mtikisiko huo. Mti mkavu humwaga matawi juu ya anayegonga.

Ujerumani ililiona tatizo hilo kwa ukubwa wake baada ya ukame ulioanza mwaka 2018, miti mingi mikubwa ilipokaukia msituni ikiwa imesimama. Wakataji walishauriwa kuangusha bila kutikisa, na kabari ya rimoti ikapata nafasi yake. Ndani yake kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota ya betri na kusukuma ulimi wa chuma ndani ya mkato wa nyuma. Mkataji hukata, huchomeka kabari, hurudi nyuma kwa mshazari hadi mbali na matawi, kisha hubonyeza. Mti huinuka polepole bila kishindo. Skrubu ya aina hiyo hairudi yenyewe, hivyo betri ikizimika katikati mzigo hubaki umeshikiliwa. Ila sasa kuna mti uliokatwa nusu, na mtu lazima aurudie. Kwa hiyo betri hukaguliwa kabla ya mkato wa kwanza.

Kabari hiyo ina mipaka mingine miwili. Mti ulioinamia upande wa kuangukia hauihitaji. Hatari yake ni kupasuka wakati chenso ingali ndani ya shina. Na mti uliooza moyo, kama ilivyo miembe mingi mizee, hauna mbao ngumu ya kuitegemeza kabari wala ya kutengeneza bawaba.

Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana kando ya barabara iendayo Shinyanga, huonyesha mipaka hiyo vizuri. Kama ilivyo kwingi jijini Mwanza, udongo wa vilimani ni mwembamba juu ya majabali, mizizi hupenya kwenye nyufa za mawe badala ya kwenda chini, na dhoruba za Ziwa Victoria huacha miti imeinama juu ya mabati. Mti wa namna hiyo kabari haitoshi kuugeuza, hivyo huvutwa kwa winchi. Kamba hufungwa juu ya nusu ya urefu wa mti, kwa kuwa kadiri inavyopanda ndivyo nguvu ndogo inavyotosha. Puli iliyofungwa kwenye jabali au mti mwingine hugeuza njia ya kamba, ili winchi na mwendeshaji wakae pembeni ya mstari wa kuangukia. Rimoti humruhusu mwendeshaji kusimama anapouona mti wote, mbali na kamba, ambayo ikikatika hurudi kwa kasi ya kuua. Kwa vichochoro vya mlimani, winchi ndogo inayobebeka inafaa kuliko mashine yoyote kubwa.

Penye barabara pana kreni yenye kishikio na msumeno huenda mbali zaidi. Kishikio hulibana tawi kwanza, msumeno hukata, kipande hushushwa bila kuanguka, na hakuna anayepanda. Uwezo wake hupungua mkono unavyorefuka: kreni inayoinua tani 4 ikiwa mita 10 itainua kama tani 2 ikiwa mita 20, hata kabla ya kuhesabu uzito wa kishikio. Mti hukatwa vipande kwa kipimo hicho.

Nyuzilandi walijaribu kumwondoa hata dereva. Mwaka 2013 misitu ya nchi hiyo iliua wafanyakazi wasiopungua 10, na miteremko mikali ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Watafiti waliifungia mashine ya kukatia ya John Deere vifaa vya kuiongoza kwa mbali. Mwendeshaji alipona hatari ya kupinduka nayo, lakini alipoteza kitu ambacho dereva hupewa na kiti chake: kuhisi mashine ikianza kuteleza. Kamera haionyeshi vizuri kina cha mteremko, na picha huchelewa kidogo. Ndiyo maana kazi ya kuiona mashine kwa macho hubaki salama kuliko ya skrini.

Mawimbi ya redio nayo hukatika. Rimoti nzuri husimamisha mashine mara ishara inapopotea, na msimbo wake huizuia kutii rimoti ya jirani. Hakuna msimbo unaozuia umeme. Mashine ikigusa waya, ardhi inayoizunguka hupata umeme pia, kwa hiyo shirika la umeme, TANESCO, huzima laini kwanza. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humpa mwajiri wajibu wa vifaa na mafunzo. Kibarua anayeitwa mtaani na panga na kamba yake anastahili ulinzi huohuo, na mara nyingi haupati.

Hubaki kisiki. Mashine ya rimoti ya kukisaga huzungusha gurudumu lenye meno, na mwendeshaji husimama nje ya njia ya vipande vinavyoruka. Kwenye udongo wa Mkolani meno hayo hukutana na mawe upesi, hivyo kisiki huchimbuliwa na kusafishwa kwa sururu kwanza, na kilichoshikana na jabali hukatwa usawa wa ardhi na kuachwa kioze.