Nani Alimsongea Kongowea Ugali?

Nimerudia Siku Njema (1996) ya Ken Walibora hapa Matisi, kwa matanga ya jirani, moto ukiwaka nje na akina mama wakisongea ugali watu wasiowajua hata kwa jina. Kongowea anafiwa na mamake Tanga, kisha anasafiri hadi Kitale, huku kwetu, kumtafuta baba. Shuleni tulisifu ujasiri wake. Sasa naona upweke: anasaidiwa na mtu mmoja mmoja tu. Daftari la michango liko wapi? Hapo Walibora, mtu wa Cherangany, alitubania. Halafu Aprili 2020 akafariki Nairobi, wakati korona imebana mazishi hadi watu 15. Sisi wasomaji wake wa Kitale tulimlilia kwa simu.