Herufi yenye sauti kubwa

Leo tutazame herufi iitwayo Clarendon. Mwingereza Robert Besley aliitoa mjini London mwaka 1845. Sheria ilimlinda miaka 3 tu. Kisha wenye viwanda vya herufi wengine wakaiiga.

Mistari yake ni minene, nayo husimama juu ya miguu mipana kama nguzo. Miguu hiyo haikukatwa ghafula, bali huungana na mstari kwa kupinda kidogo. Ndiyo maana unene wake hauliumizi jicho. Kwa hilo twaisifu.

Lakini tukumbuke kazi yake ya kwanza: kuonyesha neno moja katikati ya maneno membamba, kama katika kamusi. Kwenye tangazo la ukutani pia yafaa, kwa sababu mpita njia husoma bila kusimama. Mchapaji akijaza ukurasa mzima kwa herufi hiyo, amekosa. Sokoni wote wakipiga kelele, nani atamsikia mwenye habari? Basi kichwa cha habari kipewe Clarendon. Maneno yanayofuata yaachiwe herufi nyembamba, yapate kusomwa kwa utulivu.